Nembo ya HDR kwenye boksi haiongezi mwanga kwenye kioo

Msimu wa ofa ukianza tu, simu yangu inajaa picha za maboksi. TV yenyewe huwa haionekani. Mtu amesimama dukani Kariakoo, muuzaji yuko pembeni anamharakisha, ananitumia ule upande wa boksi wenye nembo, na swali ni lile lile: "Fundi, hii ina 4K na HDR, bei imeshuka, nichukue ya kuchezea gemu za PS5?" Ukimuuliza kioo ni cha aina gani, anakutumia nembo ile ile tena, safari hii kaizungushia duara jekundu.

Naandika leo mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hii.

HDR ni picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza. TV ya bei ya chini ikiandikwa HDR, maana yake inaipokea picha hiyo. Kuionyesha ni habari nyingine, na hapo katikati ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Picha ya kawaida, ile tuliyoizoea tangu enzi za TV za chogo, hutengenezwa kwa kukadiria kwamba penye weupe kabisa mwanga ni niti 100 hivi (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo). TV yenye niti 250 inaichukua, inaipandisha, na wewe unaona picha inang'aa vizuri tu. HDR10, ile aina ya HDR ya kawaida, haiendi hivyo. Humo kila namba imefungwa kwenye kiasi halisi cha mwanga: ukuta ulio kivulini niti 5, uso wa mtu 80, jua likigonga bati niti 1,000. Filamu nyingi za HDR husahihishwa rangi kwenye monita za niti 1,000, nyingine 4,000. Sasa inafika kwenye TV yako ya ofa, ambayo taa zikipandishwa mpaka mwisho inatoa niti 250 au 300. Ni kumimina ndoo kwenye chupa ya soda. TV ina njia mbili: ikate kilichozidi, mawingu yageuke doa jeupe lisilo na umbo, au ibane picha nzima ili vyote vienee, na yule aliyesimama kivulini azame gizani. Nyingi za bei ndogo huegemea njia ya pili. Ndiyo maana naletewa malalamiko kwamba "nikiwasha HDR picha inafifia, nadhani TV ni mbovu". Si mbovu kaka, imeambiwa ifanye kazi iliyozidi nguvu zake. Na usihangaike na rimoti kutafuta pa kuongeza mwanga, kwa sababu kwenye HDR taa kwa kawaida zimeshafika juu kabisa.

Hapo nimegusa mwanga tu. Weusi ndio unaoniudhi zaidi kwa sababu hakuna anayeuuliza. Taa za nyuma za TV hizi huwaka zote kwa pamoja. Haziwezi kuzimika kipande cha anga la usiku na kubaki zikiwaka kwenye mwezi. Kwa hiyo kazi yote ya kuzuia mwanga inabaki kwa kioo, na aina mbili za kawaida ni IPS na VA. Kioo cha IPS hufanya uwiano wa weupe kwa weusi wa kama 1,000 kwa 1. Cha VA hufika 3,000, 4,000, vingine 5,000. Piga hesabu mwenyewe: taa zikiwa niti 300, weusi wa IPS ni niti 0.3, na chumbani ukizima taa hicho ni kijivu, hakuna jina lingine. VA ya 4,000 inashuka hadi 0.075. Basi TV ya VA isiyo na nembo hata moja itakuonyesha filamu ya usiku vizuri kuliko ya IPS iliyobandikwa nembo za HDR mpaka kwenye kona za fremu. Nikisema hivi dukani wauzaji wananiangalia kama nimekuja kuwaharibia biashara.

Tatizo ni kwamba boksi halikwambii kioo ni IPS au VA, na muuzaji hajui. Usimlaumu, naye kaletewa maboksi. Nenda na flashi yenye vitu vitatu: picha nyeusi tupu yenye nukta nyeupe katikati, picha ya kijivu tupu, na kipande cha video ya usiku. Mwambie aitoe TV kwenye modi ya dukani, ile inayofanya majani yawe na kijani cha rangi ya kucha. Kisha weka ile picha nyeusi, omba taa ya juu izimwe, au kama haizimiki ufunike TV na wewe kwa kipande cha boksi. Angalia kona. Kama kuna mawingu ya mwanga yanayovuja, ndiyo utakayoyaona kila mhusika akiingia chumba chenye giza. Sasa weka video yenye rangi, uhamie pembeni ya TV mpaka uwe unaitazama kwa mshazari mkali. Rangi zikipauka haraka, hiyo ni VA. Zikibaki vilevile, lakini picha nyeusi ikitoa ukungu ukiitazama kutoka pembeni, ni IPS. Picha ya kijivu itakuonyesha mistari na mabaka, na hayo wacheza gemu la mpira watanielewa, maana kamera ikipita uwanjani mabaka yanatembea juu ya nyasi.

Hapa kuna mambo mawili yanayonifanya nisite. Kwanza, namba ya modeli haitoshi. Kiwanda kinaweza kutumia kioo cha VA kwenye inchi 50 na IPS kwenye inchi 43 za familia hiyo hiyo, na wakati mwingine hata ndani ya saizi moja kioo hubadilika. Kwa hiyo video ya mtandaoni inayoisifia TV fulani inaweza kuwa inasifia kioo ambacho wewe hutapewa. Pili, sebule zetu. Makochi yamezunguka kuta tatu, mgeni anakaa pembeni kabisa, na kwa huyo VA inapauka. Kwa anayecheza peke yake chumbani nasema VA bila kufikiri. Kwa sebule ya watu wanane siku ya mechi ya Simba na Yanga, nimeshawapa watu majibu tofauti na sitajifanya nina kanuni.

4K, yaani wingi wa nukta (pikseli) za picha, nitaipitia haraka. TV ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95. Ukikaa mbali zaidi ya mita 1.7 hivi, jicho la kawaida haliwezi kutenganisha hata pikseli za 1080p (Full HD), sembuse za 4K zilizo ndogo zaidi. Wengi wetu tunakaa mita 2 na nusu. Chukua 4K, kwa sababu kuanzia inchi 43 ni vigumu kukwepa, lakini usilipe nyongeza kwa ajili yake. Na kama una PS4 ya kawaida, inatoa 1080p basi. Haitabadilika kwa sababu umebadilisha TV. HDR inayo, tangu programu ya 2016, na ushauri wangu juu ya hiyo umeshausoma. Kwenye inchi 32 geuza boksi usome namba kabisa: nyingi ni 1366 kwa 768, hata zikiandikwa mbele kwamba "zinakubali 4K".

Gemu. Kitu cha kuuliza ni ucheleweshaji, yaani muda kati ya kubonyeza pedi na mchezaji kupiga. Picha moja kwenye 60Hz, yaani picha 60 kwa sekunde, inachukua milisekunde 16.7. TV nzuri ya bei ndogo ikiwa kwenye modi ya gemu huchelewa milisekunde 10 hadi 20. TV hiyo hiyo ikiwa kwenye modi ya sinema yenye vikorombwezo vyote inaweza kufika 100, na hapo unapiga pasi leo inafika kesho. Vijana wanabadilisha pedi, wanalaumu intaneti, kumbe modi. Ingia kwenye menyu ukiwa umechagua tundu la HDMI lenye mashine ya gemu, kwa sababu TV nyingi huhifadhi modi kwa kila tundu peke yake. Isipokuwepo modi ya gemu, jaribu kulipa tundu hilo jina la PC. Kwenye baadhi ya TV hiyo peke yake inazima usindikaji mwingi. Kama hakuna modi ya gemu wala jina la PC, iache dukani hata wakikupa na sabufa juu.

Kuhusu 120Hz, jamani. Kuna namba za matangazo zinazoitwa kiwango cha mwendo, 120, 200, hadi 800, na ndani kioo ni cha 60Hz. Kioo cha 120Hz cha kweli kwenye TV ya ofa ni nadra, na kikiwepo muuzaji atakupigia kelele yeye mwenyewe. Nembo ya HDMI 2.1 nayo isikulevye. Wanaotoa leseni ya HDMI wenyewe wanasema kazi za 2.1 ni za hiari, hivyo tundu linaweza kuitwa 2.1 na lisipitishe 4K ya 120Hz hata kidogo. Kwa PS5 kwenye kioo cha 60Hz, tundu la kasi ya gigabiti 18 linatosha. Hakikisha tu umewasha ule mfumo ulioboreshwa wa HDMI kwenye menyu, maana TV nyingi hutoka kiwandani umezimwa.

Kisha kwenye PS5 uzime HDR. Ndiyo, zima. Au iache, upite zile skrini tatu za kurekebisha zenye alama ya jua, halafu ulinganishe kwa macho yako na gemu lenye mapango. Kuna gemu chache ambazo hata kwenye TV dhaifu huwa naona rangi zimekaa vizuri HDR ikiwa imewashwa, na siwezi kukueleza kwa nini hizo tu. Nyingi, zima.

Filamu sasa. Tuseme ukweli tunatazama nini. Wengi tunaingiziwa filamu kwenye flashi, zimebanwa mpaka saa mbili zinakaa kwenye megabaiti 700, nyingine zimetafsiriwa na sauti ya DJ juu yake. Humo hamna 4K wala HDR. Kinachoonekana ni weusi, na jinsi TV inavyokuza picha ndogo, na hilo flashi yako ya dukani itakuonyesha papo hapo. Kabla ya kulipa jaribu pia faili lenye sauti ya DTS (mfumo wa sauti wa filamu), TV nyingi zitakuonyesha watu wanafungua midomo kimya. Anayelipia Netflix ajue 4K iko kwenye kifurushi cha juu tu, inataka kasi ya megabiti 15, na inaweza kula GB 7 kwa saa. Kwa bando la simu, hesabu mwenyewe. TV ya Android isiyo na cheti, isiyo na Widevine L1 (kinga ya filamu zisinakiliwe), itakupa picha duni hata ulipie kifurushi gani. Ule mfumo wa kulainisha mwendo uzime. Filamu ina picha 24 kwa sekunde na haihitaji kufanana na tamthilia.

Kioo maradufu, kile cha ziada mbele ya skrini, kinazuia rimoti iliyorushwa na mtoto. Pia kinakuonyesha dirisha lako lote la nyuma. Chagua.

La mwisho ni TV za maonyesho, zile zilizokuwa zinawaka dukani au kwenye banda la Sabasaba, ambazo ndizo zinazoshushwa bei zaidi. Zimewaka kutwa na taa zikiwa juu kabisa, na taa za LED ndizo zinazoniletea wateja: sauti ipo, picha hakuna, ukimulika tochi kwenye kioo unaona watu wanatembea gizani. Kwenye mkanda zimefungwa kwa mfululizo, ikikatika moja mstari mzima unalala. Kwa TV yoyote shusha mwanga wa nyuma mpaka asilimia 60 au 70, zitakaa zaidi. Na kwa ya maonyesho, mwombe fundi wa duka afungue menyu ya ufundi. Nyingi zina hesabu ya saa ilizowaka. Ukikuta 6,000, anza kupatana bei upya, na udai waranti iandikwe kwenye risiti ikitaja taa kwa jina.