Kipimo cha kimolekuli cha magonjwa ya kuku ni nini?

Kuku watano wamekufa usiku mmoja huko Njoro. Wa sita amejikunyata kwenye kona ya banda, manyoya yamesimama, kishungi kimepauka, na anaharisha maji ya kijani yenye umanjano. Mwenye kuku anakimbia agrovet, duka la dawa za mifugo. "Mama, wanaharisha rangi gani?" "Kijani." Anapewa pakiti ya unga wa antibiotiki autie kwenye maji ya kunywa, na mazungumzo yameishia hapo.

Simlaumu muuzaji sana. Kinyesi cha kijani ni dalili ya Newcastle, ambao wengine huuita mdondo, na pia ya homa ya matumbo ya kuku na kipindupindu cha kuku. Newcastle huletwa na virusi, kwa hiyo ule unga hauugusi. Homa ya matumbo inaletwa na bakteria aitwaye Salmonella Gallinarum, na kipindupindu kinaletwa na Pasteurella multocida. Ukimpasua kuku aliyekufa kwa homa ya matumbo, mara nyingi utaona ini limevimba na kugeuka rangi ya shaba, jambo linalosaidia kukisia. Lakini bado ni kukisia.

Kipimo cha kimolekuli hakiangalii rangi ya kinyesi wala ya ini. Kinatafuta kijidudu kwa vinasaba vyake, yaani DNA, au RNA kwa virusi kama vya Newcastle. Kila aina ya bakteria ina sehemu za DNA ambazo jamaa zake hawana, na sehemu hiyo ikipatikana kwenye sampuli, basi mwenyewe alikuwamo. Njia ya zamani ni kuotesha bakteria maabara. Salmonella huchukua siku kadhaa kuota na kutambuliwa, na Mycoplasma gallisepticum, anayewafanya kuku wakorome na kutoa kamasi, anaweza kukuchukulia wiki tatu. Kipimo cha DNA ni kazi ya saa chache sampuli ikishafika mezani.

Kipimo kinachotumika zaidi ni PCR, kile kile tulichokizoea wakati wa Korona kwa kijiti cha pamba puani. Kazi yake ni kurudufisha. DNA ya bakteria wachache ni kidogo mno kuonekana, kwa hiyo mashine hupasha sampuli hadi nyuzijoto 95 hivi ili nyuzi mbili za DNA ziachane, huipoza ili vianzio, vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia, vishike mahali pake, kisha huipasha tena hadi kama 72 ili kimeng'enya kijenge nakala. Kila mzunguko nakala huongezeka maradufu. Mizunguko 30 ikienda sawasawa, kipande kimoja huwa zaidi ya bilioni 1.

Kuna kikwazo kimoja hapo, na ndicho ninachokipenda zaidi katika habari hii yote. Toka Nakuru uelekee Baringo hadi Ziwa Bogoria, utakuta wageni wakitumbukiza mayai kwenye chemchemi za moto na kuyatoa yameiva. Yai huganda kwa sababu protini haihimili joto, na kimeng'enya nacho ni protini. Mmarekani Kary Mullis alipobuni PCR mwaka 1983, kimeng'enya kilikuwa kikiharibika katika kila mzunguko, na ilibidi kiongezwe kingine kwa mkono. Suluhisho lilitoka kwa bakteria Thermus aquaticus, aliyegunduliwa kwenye chemchemi za moto za Yellowstone, huko Marekani. Anaishi kwenye maji ya kuungua, na kimeng'enya chake hakigandi. Mullis alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1993.

Sasa, kutengeneza kipimo kipya maana yake nini, kama mashine tayari ipo? Kazi iko kwenye vianzio, vile vipande vya herufi 20 hivi vinavyoamua nini kirudufishwe. Jeni la invA, kwa mfano, hutumika sana kutambua Salmonella, lakini linapatikana karibu katika jamii nzima ya Salmonella, wakiwamo wasiomdhuru kuku mkubwa. Ukitaka Gallinarum peke yake lazima utafute alama nyingine, na hapo unakutana na Pullorum, muuaji wa vifaranga wenye mharo mweupe, ambaye DNA yake inakaribiana mno na ya Gallinarum. Ndiyo maana kipimo hujaribiwa pia kwa bakteria wengine wengi, kuhakikisha kinanyamaza pasipo na mlengwa. Na ipo chanjo hai ya homa ya matumbo, inayoitwa 9R, iliyotokana na Gallinarum huyo huyo. Kipimo kisichoweza kutofautisha bakteria wa chanjo na wa ugonjwa kitamwambia mfugaji aliyechanja kwamba kuku wake wana ugonjwa.

Kisha kuna uchafu. Kinyesi kina chumvi za nyongo na vitu vingine vinavyozuia kimeng'enya kufanya kazi, na kipimo kilichofanya vizuri kwa bakteria safi wa maabara kinaweza kushindwa kabisa kwa sampuli ya banda la Vihiga. Umeme nao ni shida. Kwa hiyo watu wanavutiwa na LAMP, njia iliyotoka Japani mwaka 2000. Hufanya kazi kwa joto moja, nyuzi 60 hadi 65, kwa muda wa saa moja au pungufu, na jibu linaweza kusomwa kwa macho kwa kubadilika rangi.

Majibu yenyewe yasomwe kwa tahadhari. DNA ya bakteria aliyekufa huonekana kama ya aliye hai. Kuku aliyepona homa ya matumbo anaweza kubaki na bakteria na kuwapitisha kwa vifaranga kupitia yai, huku akiwatoa kwenye kinyesi siku nyingine na nyingine hawatoi, hivyo kinyesi cha leo kikikosa kitu hakimsafishi. Na PCR ya kawaida itakutajia mdudu bila kukutajia dawa inayomuua. Kwa hilo bado bakteria huoteshwa na kuwekewa dawa mbalimbali, na sampuli ya kuku aliyekwisha kunyweshwa ule unga wa agrovet mara nyingi haioti kitu. Ukienda maabara, wapelekee kuku mgonjwa ambaye hajaguswa na dawa, au aliyekufa asubuhi hiyo, kwenye kiboksi cha barafu.