Kupanda Miti si Kumwokoa Kila Ndege

Wengi huamini kwamba ndege aliye hatarini huokolewa kwa kupanda miti na kufukuza mifugo. Kinangop, katika nyanda za juu za Kenya, imani hiyo inamdhuru ndege yule yule tunayetaka abaki. Macronyx sharpei, ndege mdogo mwenye kifua cha manjano na ukucha mrefu wa nyuma, hapatikani nchi nyingine yoyote duniani. Huishi kwenye nyasi fupi zilizochanganyika na mafungu ya nyasi ngumu, na humo ndani ya fungu, karibu kabisa na ardhi, ndimo anamojenga kiota. Malisho yakilimwa viazi au kabichi, au yakipandwa mikaratusi, huhama, maana hana tena pa kutagia. Kondoo na ng'ombe wakilishwa kwa kiasi huzuia nyasi zisimzidi kimo, mradi mafungu hayo yasing'olewe. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni mashamba ya watu binafsi, wala si hifadhi ya taifa, naona kwanza tumuulize mkulima mwenye ekari chache kama maziwa na sufu vinamlipa kiasi cha kuacha malisho yake bila kulimwa.