Pimbi akigeuka mwindaji, mi naanza na tumbo

Watu wakibuni mla nyama kutoka kwa mla majani kitu cha kwanza wanamwekea meno, tena marefu mpaka yanachungulia nje ya mdomo. Mi nafanya kazi ya wanyamapori huku Mtwara na naanza na tumbo, na mnyama wangu wa kubuni nimemtoa kwa pimbi, hawa wa kwenye majabali ya Masasi, kwa sababu pimbi silaha anayo tayari. Mfungue mdomo (kama atakubali) uone yale mawili ya mbele ya juu, yamechongoka na hayaachi kukua maisha yake yote. Si ajabu, nduguye wa karibu ni tembo. Shida iko ndani, amebeba mavyumba ya tumbo na utumbo yaliyojaa bakteria wa kuchachusha majani, mzigo wote huo na nyama wala haiuhitaji.

Sasa tuseme chui hayupo, nguchiro hayupo, na kiangazi kimerefuka mpaka majani hayatafuniki. Pimbi mwenye njaa anaanza na panzi, anakuja kwenye mayai, halafu mjusi wanayeota naye jua jiwe moja. Usiseme haiwezekani, nsya, yule swala mdogo wa vichakani, ni mla majani na ameshaonwa anakula mijusi, vifaranga, hata mizoga. Anayemeng'enya nyama vizuri kidogo kuliko wenzake ndo anayelea watoto wengi, na kizazi kwa kizazi utumbo unafupika, kitambi kinaisha, mnyama anapata wepesi wa kuruka.

Meno ndo yanafuata. Chonge hana, kwa hiyo yale ya mbele ndo yanachoma, na magego ya kusagia yanabanwa ubavuni mpaka yanapishana kama makasi. Australia ilishatokea, alikuwepo Thylacoleo, mnyama aliyeshatoweka, ukoo mmoja na koala na wombat wanaokula majani, alikuwa anadungia meno ya mbele na kila upande gego moja likawa wembe mrefu. Richard Owen, mtaalamu wa wanyama wa Uingereza, alipomtangaza 1859 kuwa mla nyama kuna wataalamu walimbishia kweli kweli.

Ila kipimbi wangu sio wa kukimbiza. Pimbi joto la mwili halimkai vizuri, asubuhi lazima aote jua kwanza, na mwili wake unachoma chakula polepole, so huyu ni mviziaji. Analala kwenye jiwe la moto, nyayo zake laini zenye unyevu zimeng'ang'ania mwamba, mjusi akisogea anamrukia kisogoni. Akikosa hafukuzi, anarudi kuota. Macho nimeyasogeza mbele kidogo tu, maana tai bado wapo angani na yeye mwenyewe ni kitoweo.

Kilichonisumbua ni mimba. Pimbi anabeba miezi 7 hivi na mtoto anazaliwa macho wazi, anatembea hapo hapo. Nimeiacha ilivyo, kwa hiyo hawawezi kujaa, jabali moja linatosha jike mmoja na watoto wake, dume anapita tu.