Taya linalolia "ka": maswali ya vijana na majibu yake

Kiungo cha taya kiko wapi?
Weka ncha za vidole mbele kidogo ya matundu ya masikio, kisha fungua na kufunga kinywa. Kinachoteleza chini ya vidole ndicho hicho. Kati ya mfupa wa taya na fuvu kuna kisahani chembamba cha gegedu. Kikihama mahali pake, mfupa hukirukia kila unapofungua kinywa, na hapo ndipo unaposikia "ka".

Mlio ni ugonjwa?
Kama hauumi na kinywa kinafunguka vizuri, hauhitaji dawa wala upasuaji. Acha tu mazoea yanayouchochea.

Mlio umekoma wenyewe. Si nimepona?
Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Ukikoma ghafla na kinywa kikaanza kufunguka nusu, hujapona. Kisahani kimekwama mbele ya mfupa. Kimya hicho ni cha mfupa ulioshindwa kukiruka. Jipime: panga vidole vyako vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, wima kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Kinywa cha kawaida hufunguka kama milimita 40 hadi 50. Vikiingia viwili tu na zamani viliingia vitatu, au taya likipinda upande mmoja linapofunguka, nenda kwa daktari wa meno wiki hii.

Siwezi kusubiri mitihani iishe?
Hapana. Wala usisubiri likizo. Taya lililokwama siku chache hulegezwa kwa urahisi kuliko lililokwama miezi, na hulilegezi kwa kulilazimisha mwenyewe mbele ya kioo.

Sikio linauma, lakini matone hayasaidii.
Maumivu ya kiungo hiki huhisiwa sikioni. Yakizidi unapotafuna au kupiga miayo, mwambie daktari akague taya pia.

Mazoea gani yanaliumiza?
Kung'ata kucha kwanza. Ili meno ya mbele yakutane ncha kwa ncha, taya la chini husukumwa mbele na kushikiliwa hapo dakika nzima nzima. Kalamu hufanya vivyo hivyo. Chingamu ya saa nzima huchosha misuli. Barafu ni mbaya zaidi. Kushika tama kwa mkono mmoja ukisoma hulisukuma taya upande. Na wale wanaolialisha taya makusudi ili wenzao wasikie, kama wanavyoalisha vidole: tafadhali, acheni. Kila "ka" ni kisahani kinachorukwa.

Nitajuaje kama nabana meno?
Tazama kingo za ulimi: zina alama za meno? Ndani ya mashavu kuna mstari mweupe? Unaamka taya limechoka? Meno hayana sababu ya kugusana ila unapotafuna au kumeza.

Nifanye nini nyumbani?
Midomo ifungwe, meno yaachane, ncha ya ulimi ipumzike nyuma ya meno ya mbele ya juu. Bandika alama ya kukukumbusha kwenye simu au daftari. Kila ukiiona, achanisha meno. Weka kitambaa cha maji ya moto kiasi shavuni dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku. Kula chakula laini wiki mbili, kwa vipande vidogo. Miayo ikija, zuia kidevu kwa ngumi kisiachame sana. Kifaa cha kuvaa usiku usijinunulie: meno ya kijana bado yanajipanga, na kisichokutosha huyasogeza. Usikubali pia meno kusagwa yapunguzwe kwa ajili ya tatizo hili.

Ameachama, kinywa hakifungi. Tumpige kofi lirudi?
Msimpige, wala mtu yeyote asilivute taya lake. Taya limeteguka. Mtegemezeni kidevu kwa kitambaa, asilazimishwe kuongea, na mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Misuli ikishakaza, kulirudisha huwa kugumu na huuma zaidi.