Mbunifu majengo wa kujitolea aanzie kwenye chakavu, ramani baadaye

Nyumba ya zamani inapobomolewa Upanga au Kariakoo kupisha ghorofa, wanunuzi wa chakavu huwa wamefika kabla ya kijiko. Milango ya mninga, magrili, mabati, mbao za kenchi, hata masinki, vyote vina mwenyewe. Dar es Salaam haihitaji kufundishwa kutumia vitu upya. Kinachokosekana mara nyingi ni mtaalamu wa kusimama mbele ya lundo lile na kusema: hii itabeba paa la darasa, hii ni kuni.

Vijana wengi waliohitimu ubunifu majengo hutuuliza wajitolee vipi. Kamati za mitaa nazo huja zikiomba ramani ya chekechea, choo cha shule au banda la kina mama wajasiriamali, huku mkononi wana mabati ya msaada na kontena moja lililochakaa. Ushauri wetu kwa pande zote mbili ni kwamba kazi hii huenda kinyume na mlivyozoea. Kwa kawaida mbunifu huchora, mkadiriaji akahesabu, ndipo vifaa vikanunuliwa. Kwenye chakavu unapima kwanza ulichonacho, kipande kwa kipande, kisha unachora. Ukianza na ramani nzuri, utaishia kukata mbao nzima ili zifuate mstari wako.

Wapo walioonyesha njia. Mwaka 1993 Samuel Mockbee na D.K. Ruth walianzisha Rural Studio katika Chuo Kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama, Marekani, ambako wanafunzi hujengea watu wa vijijini. Jengo lao la jamii la Mason's Bend limefunikwa upande mmoja kwa vioo vya mbele vya magari chakavu, vimepandana kama magamba ya samaki. Baada ya tetemeko la Kobe la mwaka 1995, Shigeru Ban wa Japani aliwajengea waathirika vibanda vya mabomba ya karatasi, na msingi wake ulikuwa kreti za bia zilizojazwa mifuko ya mchanga. Angalia kreti zilipowekwa: chini, zikibebeshwa mzigo wa kukandamiza, kazi ambayo kreti inaiweza.

Sasa turudi kwetu. Paleti za mbao zimejaa mjini kwa sababu ya bandari, na watu huzigeuza vitanda, meza na kuta. Kabla hujang'oa msumari, tafuta muhuri uliochomwa pembeni. Herufi HT maana yake ubao ulipashwa moto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo ili kuua wadudu. Hiyo chukua, mradi haina madoa ya mafuta wala kemikali iliyomwagikia. Ukiona MB, ubao ulifukizwa kwa methili bromaidi, gesi yenye sumu. Usiuingize kwenye chumba cha watoto. Usio na muhuri kabisa hauna historia, na mimi huuacha.

Kontena linawadanganya wengi. La futi 20 lina upana wa ndani wa takriban meta 2.35 tu, yaani ofisi au stoo, darasa hapana. Nguvu yake imekaa kwenye nguzo nne za pembeni na fremu, lakini kuta zile za mikunjo nazo husaidia; ukitoboa madirisha makubwa bila kuchomelea fremu ya chuma kuzunguka tundu, unalidhoofisha. Sakafu yake ya plaiwudi huwa imetiwa dawa ya wadudu kwa ajili ya safari za baharini, kwa hiyo ifunike vizuri au iondoe. Na joto la Februari? Bila paa la pili lililoinuliwa juu yake na matundu yanayotazamana ili upepo upite, umewajengea watu tanuri.

Nondo zilizotolewa kwenye nyumba zilizobomolewa sizitaki kwenye nguzo wala boriti. Iliyokunjwa ikanyooshwa kwa nyundo inaweza kuwa na nyufa zisizoonekana, na ya nyumba iliyokuwa karibu na bahari huenda imekwisha kuliwa na kutu. Itumie kwenye grili au uzio. Kifusi cha zege nacho ni kizuri kushindiliwa chini ya sakafu. Bati za asbestosi usizikate, usizivunje, usizipokee hata kwa bure: vumbi lake husababisha saratani ya mapafu.

Kuna wanaodhani kujitolea kunawaondolea wajibu wa kisheria. Kibali cha ujenzi cha halmashauri kinahitajika vilevile, na Sheria ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi ya mwaka 2010 haina mlango wa pembeni kwa kazi za msaada. Kama hujasajiliwa, fanya kazi chini ya aliyesajiliwa, na mhandisi apitie kila kinachobeba uzito. Jengo lililoporomoka mtaa wa Indira Gandhi tarehe 29 Machi 2013 liliua watu 36. Zege halikuulizi kama ulilipwa.

Kamati nazo zijue kwamba chakavu kina gharama zake. Fuso ya kubebea, vijana wa kung'oa misumari, turubai la kufunikia mbao zisinyeshewe na mahali pa kuzitunza zisiliwe na mchwa vinaweza kula sehemu kubwa ya mlichookoa. Wekeni fungu hilo kabla ya kumwita mbunifu. Mkishamwita, mpeni nauli na chakula cha mchana. Kujitolea si kufunga.

Siku ya makabidhiano, mbunifu aache kwa mwenyekiti wa kamati mchoro wa jengo kama lilivyojengwa hasa, ukionyesha kila kipande kilichotumika upya kilipo. Fundi wa mtaa aoneshwe vipi vya kukagua kila mwaka kabla ya masika: misumari ya paa, miguu ya nguzo za mbao, na maungio ya kontena yaliyochomelewa.