Gayogayo halalii tumbo

Wengi humdhania gayogayo kuwa ndugu wa taa: samaki bapa, mgongo juu, tumbo mchangani. Sivyo. Taa ndiye hulalia tumbo. Gayogayo hulalia ubavu, na kile tunachokiita mgongo wake ni ubavu wa pili.

Ushahidi uko usoni pake. Anapoanguliwa huogelea wima kama samaki wengine, jicho moja kila upande. Akikua kidogo, fuvu lake hujipinda na jicho moja huanza kuhama, likipanda polepole kuelekea upande wa mwenzake. Ndipo anapotua chini kuishi huko. Kwangu mimi, hakuna badiliko la mwili wa samaki linalostaajabisha kuliko hili.

Shahidi bora ni gayogayo wa aina iitwayo kisayansi Psettodes erumei, anayeishi kuanzia Afrika Mashariki na Bahari ya Shamu hadi Japani na kaskazini mwa Australia. Jicho lake linalohama halimalizi safari. Huishia ukingoni juu ya kichwa. Tena wapo wenye macho kulia na wapo wa kushoto, na mara nyingine huonekana wakiogelea wima, kama walivyokuwa utotoni.

Makazi yake ni sakafu ya mchanga na tope, hadi kina cha mita 100 hivi. Wala hakai pale kwa uvivu. Kinywa chake ni kipana, meno ni makali, na ubavu wa juu una rangi ya kahawia inayofanana na tope. Samaki mdogo akipita karibu, huyo aliyejificha humrukia.