Sampo gadi ni nini hasa, na kwa nini unene wa chuma sio kitu cha kwanza

Ukiinama uangalie chini ya Land Cruiser za watalii pale Mto wa Mbu, kabla hazijashika njia ya Engaruka kwenda Ngare Sero karibu na Ziwa Natron, utaona bati nene limefungwa chini ya injini, limechubuka mistari mistari kama tako la sufuria lililosuguliwa kwa mchanga. Hiyo ndo sampo gadi. Mafundi wengine wanasema gadi tu, wengine bati la chini, na siku hizi jina limepanuka, mtu akisema gadi anaweza kumaanisha ya sampo (beseni la oili), ya giaboksi, ya transifa (inayogawa nguvu kwenda tairi za mbele na nyuma), ya difu (bonge la gia katikati ya ekseli) au hata ya tanki la mafuta, maana zote kazi yake ni ileile, kulinda vile vyuma vinavyopeleka nguvu ya injini hadi kwenye tairi visiuawe na mawe.

Sasa hapo kwenye kulinda ndo watu wengi wanapopotea. Wanadhani gadi ni ngao, yani jiwe linakuja, linagonga chuma, linakoma hapohapo, kwa hiyo kadiri chuma kinavyokuwa kinene ndo unalala usingizi. Haiko hivo. Kule korongoni jiwe limekaa zake, haliendi popote, anayeenda ni wewe na gari yako ya tani 3, na uzito huo ukishatua juu ya jiwe lazima utafute pa kwenda. Kazi ya gadi ni kufanya gari iteleze juu ya jiwe ishukie upande wa pili, basi. Ichukulie kama soli ya kiatu. Ukishaielewa hivo mambo mengine yote yanajieleza yenyewe, kwanini inafungwa pale inapofungwa, kwanini vichwa vya bolti vinafichwa, kwanini ile ya fundi wa mtaani yenye mikunjo na marapurapu ya welding ni hatari kuliko kutokuwa nayo.

Tuanze na sampo yenyewe, lile beseni la oili chini ya injini. Ni bati jembamba au aluminiamu, na ndani yake, karibu kabisa na chini, kuna chujio ambalo pampu ya oili inafyonzea. Watu wanaogopa sampo kutoboka, ni kweli inatoboka, ila kuna kitu kibaya zaidi ambacho mimi nimekiona kwa macho. Tulikuwa watatu kwenye gari ya jamaa yangu, tukapita kwenye mawe ya volkano, ikapiga mlio mmoja tu, ko! Tukashuka, tukainama, hakuna tone. Jamaa akasema "haivuji hiyo, pandeni twende zetu". Hatujafika mbali tukaanza kupanda kilima, taa nyekundu ya oili ikawaka, bahati yake alizima injini palepale. Sampo haikuvuja kweli, ila ilikuwa imebonyea kwenda juu mpaka ikaziba mdomo wa lile chujio, oili ipo tele chini na krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, inakufa kiu juu. Na gadi ilikuwa wapi? Ilibaki gereji. Mafundi walipobadilisha oili waliifungua wakaona uvivu kuirudisha, bolti nane hizo, na mwenye gari hakuinama kuangalia. Hii inatokea sana jamani, ukitoka kumwaga oili inama uangalie, usione aibu.

Giaboksi na transifa zenyewe mara nyingi ganda lake ni aluminiamu ya kumimina, na aluminiamu ya namna hiyo haijui kupinda, inapasuka. Ndo maana gadi haifungwi kwenye giaboksi wala kwenye injini, inafungwa kwenye chasisi. Ukiifunga kwenye giaboksi yenyewe umelifanya jiwe ligonge giaboksi kupitia chuma, yani umelirahisishia. Na lazima ibaki nafasi kati ya gadi na kile inachokilinda, upana wa vidole viwili hivi, sababu gadi ikigongwa inapinda kidogo na unataka ipinde kwenye hewa.

Propela shafti, ile inayopeleka nguvu kwenye difu, haipati gadi mara nyingi, ila ujue ni bomba lenye uwazi ndani, likibonyea kidogo tu gari inaanza kutetemeka ukifika spidi, na krosi, yale maungio yake, zinaliwa haraka.

Difu ndo kichwa ngumu. Gari yenye ekseli ya mzima, kama Land Cruiser 70 au Defender ya zamani, lile bonge la difu limeshikana na ekseli, linakwenda na tairi. Kwa hiyo wewe uweke springi ndefu, shokapu mpya, uinue bodi mpaka unapanda kwa ngazi, difu iko palepale ilipokuwa! Kinachoinua difu ni tairi tu, tena nusu yake: ukitoka tairi ya inchi 29 kwenda ya 31 difu imepanda inchi 1. Gari kama Prado au Hilux za siku hizi mbele ni tofauti, difu ya mbele imefungwa kwenye chasisi kwa hiyo ukiinua gari nayo inapanda, ila shafti za pembeni zinakaa kwa kulala zaidi na buti za sivi joint (mifuko ya mpira inayofunika maungio ya shafti hizo) zinachanika mapema. Hakuna cha bure.

Gadi ya difu basi inakuwa kama kijiko kikubwa kinachokumbatia lile bonge kwa chini na mbele, kinalinda ganda na bolti ya kumwagia oili, ambayo mawe yanapenda kuinyoa kichwa, siku unataka kumwaga oili ya 90 spana haishiki kitu. Ila kumbuka gadi hiyo nayo ina unene, inakula nafasi ileile uliyokuwa unaitafuta. Na usimruhusu mtu achomelee gadi moja kwa moja kwenye ekseli ya gari kama hana uzoefu, moto wa welding unaweza kuipinda na sili zikaanza kuvuja, tafuta ya kufunga kwa bolti.

Material sasa. Chuma cha milimita 4 hadi 6 ni kizito lakini kinateleza vizuri juu ya jiwe na kikipinda unakigonga kwa nyundo kinarudi. Aluminiamu ni nyepesi, ila ni laini, jiwe linaing'ata na gari inanasa badala ya kuteleza. Bati la kiwandani lililokuja na gari mara nyingi ni jembamba, hilo ni la matope na kokoto, usilipe kazi ya jiwe. Bolti ziwe zimezama ndani ya chuma, kichwa kikichomoza kinakuwa ndoano. Mdomo wa mbele uwe umekunjwa kwenda juu, nyuma yake pasiwe na ukingo unaoning'inia, maana kuna siku utarudi rivasi.

Ukitaka kuona wazo hili limefikishwa mwisho kabisa angalia gari za Rhino Charge kule Kenya, mashindano yaliyoanza 1989 kuchangia uzio wa milima ya Aberdare. Pale wanapewa saa 10 kufika vituo 13, na mshindi ni aliyetembea umbali mfupi, sio aliyewahi. Maana yake kuzunguka jiwe ni kupoteza, wanalipanda. Ndo maana zile zilizojengwa kwa kazi hiyo tumbo lake ni tambarare kama la mtumbwi.

Ila sisi wengine dawa ya kwanza bado ni usukani. Ukiona jiwe usilipitishe katikati ya tairi ukitegemea uwazi, lipandishe tairi, tairi ikipanda jiwe ekseli na difu vinapanda nayo. Na kwenye Defender ya zamani difu ziko upande wa kulia, kwa hiyo ukilazimika kulipitisha katikati lielekeze kushoto.

Kitu kimoja ambacho wauzaji hawakisemi: gadi inakusanya matope na nyasi kavu kwa juu, mahali usipoziona, na ekzosi iko hapohapo inachemka. Ukipita mbuga zenye majani marefu kiangazi, simama kila baada ya muda, uingize mkono juu ya gadi uzichomoe, pole pole maana chuma ni cha moto.